Mkutano wa mtaa, WhatsApp, *152*00# au barua ya masjala: njia ipi ifikishe hoja yako serikalini ukiwa Mwanza?

Gati la maji limekauka, leo siku ya sita. Mtaro umejaa mchanga, na kila mvua inaponyesha maji yanaingia vyumbani. Mkusanya ushuru mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, amepokea hela lakini mashine ya POS imeisha chaji, kwa hiyo risiti hakuna. Darasa la tatu lina watoto wanaokaa sakafuni. Ni mambo manne, na kila moja lina mlango wake. Lakini wakazi wengi wa mkoa huu wamezoea mlango mmoja tu. Wa mjini huandika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, wa vijijini na visiwani husubiri mkutano. Wote hukwama, kila mmoja kwa sababu yake.

Tunalinganisha njia nne ambazo mkazi yeyote anaweza kuzitumia, awe Buhongwa mjini au kisiwani Ukara: mkutano wa mtaa au kijiji, kundi la WhatsApp, mfumo wa serikali wa kupokea malalamiko, e-Mrejesho, pamoja na menyu ya simu ya *152*00#, na barua inayopelekwa masjala, yaani ofisi inayopokea na kutunza barua. Kila njia tumeiuliza maswali matatu. Inakuachia ushahidi kwamba ulisema? Kuna mtu anayelazimika kukujibu? Inaweza kugusa fedha? Msimamo wetu ni huu: huduma iliyoharibika ianze na simu, lakini jambo linalohitaji bajeti ya halmashauri linataka mstari wake kwenye muhtasari wa mkutano, hata kama limeshatumwa simuni mara kumi.

Kwanza, jambo ni la nani?

Hapa ndipo hoja nyingi hufia. Mtu anamlilia mwenyekiti wa mtaa kuhusu barabara, mwenyekiti anampeleka kwa diwani, diwani anauliza barazani, na baraza linajibiwa kwamba barabara hiyo si ya halmashauri. Miezi mitano imekwisha.

Tangu mwaka 2017 barabara za mitaani na vijijini ziko chini ya TARURA, na mitaro ya kando yake huenda nazo. Barabara kuu, yaani ya Kenyatta inayoelekea Shinyanga na ya Nyerere inayoelekea Musoma, ni za TANROADS. Maji ya mjini ni ya MWAUWASA. Maji ya vijijini ni ya RUWASA, iliyotokana na Sheria ya Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, na huendeshwa kijijini na chombo cha watumia maji, kile ambacho watu hukiita CBWSO. Vivuko kama cha Kisorya na Rugezi viko TEMESA. Nauli ya daladala ni kazi ya LATRA. Taka, masoko, zahanati, shule za msingi na sekondari za serikali ni za halmashauri.

Kuna kosa moja la Mwanza peke yake. Watu huita eneo lote "Mwanza mjini", lakini kuna halmashauri mbili zilizogusana: Jiji la Mwanza, ambalo ni Nyamagana, na Manispaa ya Ilemela. Mabatini, Igogo, Mkuyuni, Mahina na Buhongwa ni Jiji. Kirumba, Kitangiri, Nyamanoro, Pasiansi na Buswelu ni Ilemela. Mfanyabiashara wa dagaa aliye soko la Mwaloni, Kirumba, akichagua "Jiji la Mwanza" kwenye mfumo, lalamiko lake linatua kwenye meza isiyo na uwezo wowote juu ya soko lile. Likirudishwa, linarudi likiwa limechelewa, na mara nyingi halirudi.

Kwa hiyo kabla ya kugusa simu, muulize mtendaji wa mtaa swali moja: "Jambo hili ni la taasisi gani?" Mtendaji anayejua kazi yake atakujibu kwa nusu dakika.

Mkutano dhidi ya kundi la WhatsApp

Tunaanza na hizi mbili kwa sababu ndizo zinazochanganywa zaidi. Kundi la WhatsApp la mtaa lina mwenyekiti ndani yake, lina mtendaji, pengine na diwani. Linafanana na mkutano. Watu wanasema, viongozi wanasoma, alama mbili za bluu zinaonekana. Lakini kisheria hakuna kilichotokea.

Mkutano una mwenyewe katika sheria. Kwa vijiji, Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Wilaya, Sura ya 287, inaweka mkutano mkuu wa kijiji wenye wakazi wote waliofikisha miaka 18, nao hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mwenyekiti anauongoza, mtendaji wa kijiji ni katibu, na wananchi wana haki ya kusomewa mapato na matumizi. Mijini mambo yanaongozwa na Sura ya 288, na mkutano wa wakazi wa mtaa hufanya kazi inayofanana. Kinachoamuliwa pale huandikwa, hupanda hadi kamati ya maendeleo ya kata inayoongozwa na diwani, kisha halmashauri, kisha baraza la madiwani. Ngazi hizo ndizo njia ya fedha.

Tatizo la mkutano ni uandishi wa muhtasari. Wananchi wakizungumza kwa saa mbili kuhusu mtaro, daftari linaweza kubeba mstari huu tu:

"Wananchi walizungumzia changamoto ya mitaro."

Mstari huo haupandi kokote. Hauna kazi ya kufanya, hauna mahali, hauna anayewajibika. Linganisha na huu:

"Mkutano umeazimia: mtaro wa mita 120, kuanzia msikitini hadi daraja dogo, uzibuliwe na kujengewa mawe. Ombi liingizwe kwenye mapendekezo ya bajeti ijayo. Mtendaji aliwasilishe kamati ya maendeleo ya kata na atoe mrejesho mkutano ujao."

Neno linalobeba uzito ni "umeazimia". Baada yake vinafuata vitu vitano: kitu gani, wapi, kiasi gani, nani, lini. Anayetaka jambo lake lipande aende na sentensi hiyo ikiwa imeandikwa kwenye karatasi, amkabidhi katibu mkononi, na kabla mkutano haujafungwa anyooshe mkono: "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba maazimio yasomwe." Yakisomwa mbele ya watu, ni vigumu kubadilika njiani. Halafu, kwa ruhusa ya katibu, piga picha ukurasa ule. Kazi kubwa ambayo simu janja inaweza kuifanya kwenye mkutano ni picha hiyo moja.

Kosa jingine ni kuliacha jambo zito likaangukia kwenye "mengineyo". Ajenda hiyo hufikiwa jua limekuwa kali na nusu ya watu wameondoka. Mpelekee mwenyekiti au mtendaji ajenda yako siku kadhaa kabla, kwa maandishi.

Sasa WhatsApp. Nguvu yake ni ya kweli, na anayeidharau hajaona bomba likipasuka saa nne usiku. Picha inafika papo hapo, alama ya mahali inamwongoza fundi hadi penyewe, na kiongozi aliye safarini anajua. Kundi linaweza kubeba watu hadi 1,024. Asiyejua kusoma vizuri hutuma voisi, tena kwa Kisukuma, na wenzake wakaelewa.

Udhaifu wake uko kwenye kumbukumbu na kwenye wajibu. Ujumbe wa maana wa Jumatatu, ifikapo Jumatano umefunikwa na salamu, rambirambi na matangazo ya biashara. Mtendaji akihamishwa anaondoka kwenye kundi na simu yake, na anayekuja hajui lolote. Tena kundi halikusanyi mtaa mzima, linakusanya wenye simu janja na bando. Mama anayechota maji kwenye gati mara tatu kwa siku mara nyingi hayumo. Baba mwenye tenki nyumbani yumo, na ndiye anayeandika kwamba maji si shida sana.

Kuna na hatari za kisheria. Kumtaja mtu kwa jina kwamba kala fedha, bila ushahidi, kunaweza kukuingiza kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na anayeusambaza ujumbe huo hajajitoa. Kurusha orodha ya wanakikundi yenye namba za NIDA na za simu ni kuvunja faragha ya watu, jambo linalolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Tuhuma ya rushwa ipeleke TAKUKURU kwa kupiga 113. Namba hiyo ni ya bure.

Kwa hiyo kundi litumike kama jiko, chakula kikaliwe mkutanoni. Tumia kundi kukusanya picha, kuhesabu kaya zilizoathirika, kutangaza siku ya mkutano, na kurudisha majibu. Kanuni mbili zinatosha kulifanya lifae. Kila tatizo liandikwe kwa mpangilio mmoja: mahali, tarehe lilipoanza, kaya ngapi, picha. Na kila Ijumaa mtu mmoja aliyeteuliwa aandike muhtasari wa wiki na kuubandika juu ya kundi, ili anayeingia leo aone yaliyo wazi na yaliyofungwa.

e-Mrejesho na *152*00#

Mfumo wa e-Mrejesho unasimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, eGA. Unapokea malalamiko, maulizo, mapendekezo na pongezi, na unazielekeza kwa taasisi uliyoichagua. Unaingia kwa njia ya tovuti, kwa programu ya simu janja, au kwa kupiga *152*00#, ambayo haihitaji intaneti na inafanya kazi kwenye kitochi.

Tofauti ya kitochi na simu janja hapa ni kubwa, na inastahili kusemwa wazi. Kwenye tovuti unaandika kwa nafasi, unatulia, unarudi nyuma kusahihisha. Kwenye *152*00# unachagua namba hatua kwa hatua, na ukichelewa kujibu kikao kinakatika, unaanza upya. Menyu za aina hii, ziitwazo USSD, hubeba herufi zisizozidi 182 kwa mara moja. Anayeanza kuwaza cha kuandika wakati menyu iko wazi hukatiwa kila mara, kisha anasema mfumo haufanyi kazi.

Dawa yake ni kalamu. Andika ujumbe kwenye karatasi kwanza, uusome kwa sauti, uukate. Mfano:

"Gati la maji nyuma ya ofisi ya kata, Mahina, halitoi maji tangu tarehe 3. Kaya 40 zinalitegemea. Bomba linavuja mita 20 juu ya gati. Tunaomba fundi."

Hizo ni herufi 148 pamoja na nafasi na nukta, na fundi akiusoma anajua aende wapi na pengine abebe nini. Sasa utazame ujumbe wa aina inayotumwa kila siku: "Jamani huku kwetu maji ni shida sana tunateseka viongozi mtusaidie." Hakuna mahali, hakuna tarehe, hakuna kifaa kilichoharibika. Afisa anayeupokea hawezi hata kumtuma mtu.

Hatua kwa anayetumia kitochi ni hizi:

1. Pata jina kamili la taasisi, kama tulivyoeleza juu. Kata na mtaa viwe vimeandikwa kwenye karatasi hiyo hiyo.
2. Piga *152*00#, usome menyu hadi uione huduma ya e-Mrejesho. Usitegemee namba uliyoambiwa na jirani mwaka jana, kwa sababu mpangilio wa menyu hubadilishwa huduma zinapoongezwa.
3. Chagua aina sahihi. Ukiandika lalamiko ndani ya "pongezi" au "pendekezo", halichukuliwi kwa uzito wa lalamiko.
4. Andika ujumbe wako kutoka kwenye karatasi, utume.
5. Nakili namba ya kumbukumbu kwenye daftari. Usiiache kwenye simu tu. Simu huibwa, huzimika, na kwa wavuvi huanguka majini.

Namba hiyo ya kumbukumbu ndiyo inayoitenganisha njia hii na WhatsApp. Ukiwa nayo, unapokwenda ofisini huendi kuomba msaada, unakwenda kuuliza hatua iliyofikiwa. Na ukipanda ngazi, mathalani kutoka kwa mamlaka ya maji kwenda EWURA, mdhibiti wa huduma za maji na nishati, utaulizwa kwanza kama ulianza kulalamika kwa mtoa huduma mwenyewe. Namba na tarehe ndivyo vinavyojibu.

Wapi mfumo huu hukwama? Mara nyingi kwenye kufungwa mapema. Taasisi hujibu "limepokelewa, linafanyiwa kazi" na lalamiko likahesabiwa limekwisha, bomba bado kavu. Usianze lalamiko jipya lisilotaja la kwanza. Andika tena ukitaja namba ya awali, tarehe ya jibu lao, na hali ilivyo leo. Pili, watu 30 hunakili ujumbe mmoja na kuutuma neno kwa neno, wakidhani wingi ni nguvu. Kwa afisa ni lalamiko moja lililorudiwa. Afadhali kaya tano ziandike kila moja kwa maneno yake na gati lake, au itumwe taarifa moja inayotaja idadi ya kaya.

Tena, mfumo huu haugawi fedha. Unaweza kuleta fundi kwenye bomba lililopo. Kuomba bomba jipya kwa njia hii ni kupoteza muda wako.

Tanzania ina somo la zamani kidogo ambalo kila anayetaka kuanzisha "laini ya malalamiko" ya halmashauri angepaswa kulijua. Karibu na mwaka 2010 shirika la Daraja liliendesha Maji Matone, mradi wa wananchi kutuma ujumbe mfupi kuhusu vituo vya maji vilivyoharibika. Lengo lilikuwa ujumbe 3,000. Kwa miezi sita ya majaribio walipata 53. Shirika lenyewe liliyatangaza matokeo hayo hadharani, jambo la kuheshimiwa, na likaeleza sababu: wanaochota maji ni wanawake na watoto ambao simu haziko mikononi mwao, mtandao hafifu palipo na visima, na watu kutoamini kwamba serikali itajibu. Simu zimeenea mno tangu wakati huo. Sababu ya tatu haijapona kwa kuongeza minara.

Barua ya masjala

Watu huiona ya kizamani. Sisi tunaiweka juu ya zote pale unapotaka kujua fedha zilikwenda wapi.

Msingi wake ni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016. Raia akiomba taarifa kwa maandishi, taasisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Ikikataa, itoe sababu kwa maandishi, nawe unaweza kuomba mkuu wa taasisi aupitie upya uamuzi huo. Asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia, anaweza kuomba kwa mdomo na afisa akamwandikia. Kati ya njia zote nne, ni hapa peke yake saa ya sheria inapohesabu upande wako.

Andaa nakala mbili. Zipeleke masjala ya halmashauri, na usimkabidhi ofisa unayemfahamu ukumbini. Moja wanabaki nayo. Ya pili wanaigonga muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na unarudi nayo nyumbani. Bila muhuri, siku 30 hazina pa kuanzia. Barua pepe inafaa kama nyongeza, hasa kwa aliye Ukerewe ambaye nauli na siku nzima vinamlemea, lakini omba jibu la kuthibitisha kwamba imefika.

Omba hati kwa jina lake. "Naomba kujua fedha za shule zimekwendaje" ni swali ambalo linajibiwa kwa aya ya maneno matupu. "Naomba nakala ya taarifa ya mapato na matumizi ya robo ya pili, na makadirio ya gharama, yaani BOQ, ya ujenzi wa vyumba viwili vya madarasa katika shule fulani" linajibiwa kwa karatasi. Kwa zabuni, anzia kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni ulioanza kutumika mwaka 2023, kabla ya kuandika barua. Pengine unachokitafuta kimeshawekwa wazi. Na usipite ubao wa matangazo wa kata bila kuusoma.

Kalenda inayozishinda njia zote

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai na kuishia 30 Juni. Mapendekezo ya mitaa na vijiji yanakusanywa miezi ya mwisho ya mwaka wa kawaida, halmashauri zinayapanga na kuyapitisha mapema mwaka unaofuata, na kuanzia Aprili hadi Juni Bunge liko kwenye bajeti. Azimio la mtaro lililopitishwa mkutano wa Oktoba lina nafasi. Lililopitishwa Mei, hata likiandikwa kwa wino wa dhahabu, linasubiri mzunguko mwingine wote. Kwa ukanda wetu inauma zaidi, maana Mei ndipo masika imetoka kutuonyesha kila mtaro ulioziba na watu wana hasira mbichi. Piga picha mafuriko ya Aprili, ziandike tarehe, zihifadhi, uje nazo mkutano wa Oktoba.

Mialo na visiwa

Mlinganisho wetu unabadilika ukitoka mjini. Kwenye mwalo wa dagaa wavuvi huwa majini usiku wa giza, na mchana wamelala au wanaanika. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa hazivuti dagaa, kazi inasimama na watu wako nchi kavu. Mkutano uitishwe siku hizo. Anayeupanga kwa tarehe za ofisini atawakuta wazee na wenye maduka peke yao, na azimio kuhusu choo cha mwalo litapitishwa na watu wasiokitumia. Jumamosi nayo huwakosa Wasabato, ambao kandokando ya ziwa hili ni wengi.

Kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, ndicho mlango wa kwanza kwa mambo ya mwaloni: ulinzi wa mazalia, zana haramu, usafi. Lakini BMU si kijiji. Ombi la chanja za kuanikia dagaa lililoishia kwenye kikao cha BMU halijaingia kwenye mpango wa kijiji mpaka mtu alibebe kulipeleka mkutano mkuu.

Simu mwaloni huchajiwa kwenye vibanda vya sola kwa zamu, kwa hiyo usitegemee mtu kujibu kikao cha USSD jioni. Mteueni mmoja mwenye kitochi kinachotunza chaji awe mtumaji wa mwalo mzima, mwingine awe mtunza daftari.

Basi, jambo lipi liende wapi?

Gati limekauka au bomba limepasuka: WhatsApp kwa taarifa ya haraka, na siku hiyo hiyo *152*00# au tovuti ili kupata namba. Ikipita wiki bila fundi, barua yenye namba hiyo.

Mtaro, darasa, choo cha soko, taa za barabarani: mkutano. Kwingine kote ni kusindikiza tu.

Ushuru bila risiti: usilipe kabla ya risiti kutoka, au omba control number. Ikiwa umeshalipa, andika saa, mahali, kiasi na namba ya mashine kama ulionyeshwa, uende e-Mrejesho kwa halmashauri husika. Ukiona ni tabia, 113.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu: swali la jumla, yaani zimetengwa kiasi gani na vikundi vingapi vimepata, liulizwe mkutanoni au kwa barua. Shida ya kikundi chako pekee ipelekwe kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Kivuko kimechelewa, nauli imepandishwa kiholela: simu na e-Mrejesho kwa TEMESA au LATRA. Mkutano wa kijiji hauna la kufanya hapo zaidi ya kuunga mkono.

Kwa mambo haya yote, mtaa unahitaji kauntabuku moja. Chora safu sita: tarehe, jambo, taasisi, njia iliyotumika, namba ya kumbukumbu au tarehe ya muhuri, na jibu. Ikae kwa mkazi aliyechaguliwa na mkutano, isiwe kwa mtendaji, kwa sababu mtendaji ni mtumishi na huhamishwa. Siku fundi akija na maji yakatoka, jaza safu ya sita, tuma mrejesho kwenye mfumo kwamba limekwisha, uwatangazie watu kwenye kundi. Na mtendaji mpya akiripoti, mtunza daftari ambebee kauntabuku ile ofisini wiki ya kwanza, wapitie pamoja mistari ambayo safu ya sita bado iko tupu.